Kifafa Changu Huisha Lini

Katika kijiji chetu, nyuma kidogo ya Litein, kila mtu amewahi kuniona nikianguka isipokuwa mimi. Mwalimu wa shule ya Jumapili ameniona. Wauza nyanya wameniona. Mkusanya maziwa ameniona mara tatu, na mara zote tatu alimwaga maziwa akamlaumu Shetani badala ya mikono yake mwenyewe. Mimi, mwenye kifafa changu, ndiye nisiyekijua. Huanza tumbo likipanda hadi kooni, kisha giza, kisha nafungua macho na kuona viatu vingi vya watu wanaobishana juu ya kichwa changu.

Walibishana jambo lile lile kila mara: kimeisha au bado? Mama yangu, Rodah, aliangalia macho. Yakifumba, yeye husema kimeisha. Baba mkubwa Kipkirui aliangalia saa yake ya mkononi tu, kwa sababu anayo. Baba yangu, Nicholas, aliangalia miguu. Na kwa kuwa nyumba ni yake na sauti kubwa ni yake, kifafa changu kiliisha pale Baba aliposema kimeisha.

Baba ni mtu wa ng'ombe, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Nilipokuwa darasa la saba, ng'ombe wetu Chelel alizaa, na siku ya pili akalala asiweze kuamka. Ilikuwa homa ya maziwa. Baba aliita vijana wanane, wakapitisha magunia chini ya tumbo lake, wakamwinua na kumshikilia hadi daktari wa mifugo alipofika na sindano. Chelel aliishi miaka sita zaidi. Tangu siku hiyo Baba ana imani mbili maishani: Yesu anaokoa, na aliyelala asiachwe alale.

Kwa hiyo miguu yangu ilipoacha kurusha mateke tu, Baba alipaza sauti: "Imetulia! Haya, moja, mbili, tatu, juu!" Nilisimamishwa kama mlingoti wa bendera. Halafu nilianguka tena, mara nyingine kifudifudi. "Imerudi!" Baba alisema. "Hiyo ni ya pili."

Nina kovu juu ya jicho la kushoto na jino moja la mbele nililonunuliwa Kericho. Sikumchukia Baba kwa hayo. Nilimkasirikia, ndiyo, maana hasira nimeirithi kwake na sina mahali pengine pa kuipeleka, lakini nilijua ananiinua kwa mapenzi.

Kliniki yetu ya kifafa ni ya Jumanne, na anayetuhudumia ni Mageto, mtu mwembamba kutoka upande wa Nyamira asiyejua haraka ni nini. Sisi humwita daktari. Alitupatia daftari la kuandika kila nikianguka, na Baba akalishika mwenyewe kwa sababu haamini mwandiko wa mtu mwingine. Mwezi wa kwanza aliandika kumi na nne. Wa pili, kumi na mbili. Wa tatu, kumi na sita.

Mageto alikuna kidevu. "Mzee, mbona hesabu yako inagawanyika kwa mbili kila mwezi?"

"Hiyo ugonjwa haitembeangi peke yake," Baba akajibu. "Inakuja na mwenzake."

Dawa ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena, hadi nikawa nasinzia nikichuma chai nimesimama, kikapu mgongoni. Hesabu haikushuka. Ndipo siku moja Mageto akafunga mlango na kuniambia pole pole.

"Janeffer, kama haipungui itabidi tujaribu nyingine. Lakini ile yenye naweza kukupea si nzuri kwa mwanamke anataka kuzaa. Inaweza kumuumiza mtoto kabla azaliwe. Ukianza hiyo, tutakuomba usishike mimba. Enda ufikirie. Tutaamua mwezi ujao."

Sikuhitaji kufikiria. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilimtaka mtoto. Nilimtaka hata nikaona haya kusema, nikabaki kushikashika nguo za watoto wachanga sokoni nikijifanya nawaulizia wengine bei. Aliyelijua hilo ni Ogada peke yake.

Ogada ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Kwao ni upande wa ziwa, lakini alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi hapa hapa Kericho, na Kipsigis chake kina makosa machache kuliko Kiswahili cha Baba. Mamake, Syprose, alichuma chai ya kampuni miaka thelathini. Walikuwa tayari kuja kwetu kwa koito, siku ambayo watu wa mvulana hukaa na watu wa msichana wakakubaliana mahari. Aliyekataa ni Baba.

"Hakuna koito mpaka hiyo kitu ipungue," alisema. "Nipeane mtu mgonjwa, halafu waseme Nicholas aliwauzia ng'ombe mbovu?"

Ng'ombe tena! Nilitoka nje nikapiga ndoo teke. Ilinirudishia maumivu ya kidole kwa siku mbili.

Wazo la video lilikuwa langu. Ogada hakulipenda hata kidogo.

"Nikuchukue video ukiwa chini? Watu watasema nini?"

"Watu wameshaona bure miaka kumi na miwili," nikamwambia. "Ni mimi tu sijaona. Nataka kujua hiki kitu kinafanya nini na mwili wangu kabla ninyimwe mtoto kwa sababu yake. Utachukua ama nitafute mtu mwingine?"

Alichukua. Jumamosi alikuja kutengeneza mashine yetu ya kukata nyasi za ng'ombe, ambayo kusema kweli haikuwa imeharibika sana. Nilikuwa nimefungua nati mbili. Bahati nzuri, kama ni bahati, saa nane mchana tumbo likaanza kupanda. Nikamwambia, "Ogada, simu." Halafu giza.

Nilipofungua macho, Ogada alikuwa akikimbia kuelekea barabarani, simu mkononi, na Baba nyuma yake na fimbo ya ng'ombe.

"Unapiga mtoto wangu picha kama sinema! Rudi hapa! Rudi nikuoneshe sinema!"

Ogada ana miguu mirefu, tumshukuru Mungu. Nilimpata jioni ile barabarani, karibu na kibanda cha kupimia majani ya chai, amelowa jasho. Watu wa kupima walikuwa wameshaenda. Tuliketi juu ya meza ya mbao ya kumwagia majani, nikajiona kwa mara ya kwanza.

Nilimwona mwanamke mwenye sweta yangu amelala ubavu nyasini. Nilifikiri ningeogopa. Niliona huruma badala yake, huruma ambayo sijawahi kujionea, nikatamani kuingia ndani ya simu nimfunike miguu. Mateke yalikuwa makali. Kisha yakapungua, yakawa ya kusitasita, yakakoma. Uso ukalegea. Macho yakafumba. Hapo kila mtu wa kwetu angeapa kimeisha.

"Sasa angalia mkono," Ogada akasema.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unachuma chai. Kidole gumba na cha shahada vilibana, vikavunja, vikabana tena, na kiganja kilipojaa kile ambacho hakikuwepo, mkono ukarusha nyuma ya bega, kwenye kikapu ambacho hakikuwepo. Kisha ukarudi kuchuma. Miguu imelala, uso umelala, na mkono uko kazini peke yake kama mfanyakazi ambaye hakusikia filimbi.

Nikacheka. Ogada aliponiona nacheka akacheka pia, kwa hofu kidogo. Kisha nikaona gambuti za Baba zikiingia kwenye picha. "Imetulia! Moja, mbili, tatu, juu!" Nikainuliwa. Kichwa kikaning'inia begani kwa Baba, na mkono wa kushoto, bila kujali, ukaendelea kuchuma vifungo vya shati lake. Miguu haikunishika hata kidogo. Nikaporomoka. Nikasikia sauti ya Baba, "Imerudi! Ya pili hiyo!" Lakini hakukuwa na mateke ya pili. Uso haukugeuka. Hakuna kilichorudi. Mkono ulichuma kidogo zaidi, ukapunguza mwendo, ukatulia nyasini, na hapo nikaanza kupumua kama mtu anayelala.

"Cheza tena," nikasema.

Tuliicheza mara sita. Mara ya sita sikuwa nacheka tena. Nililia kwa hasira na kwa furaha, sijui kipi kilitangulia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa hesabu ya Baba.

Jumanne iliyofuata tulijaa chumbani kwa Mageto: mimi, Mama, Baba na daftari lake. Ogada alibaki nje kwa usalama wake. Mageto aliitazama video hadi mwisho. Kisha akaigeuza simu upande wa Baba, na Baba, aliyekuwa ameapa hatatazama upuzi, akatazama.

"Mzee, hapa ni ngapi?" Mageto akauliza.

"Mbili. Nimecount mwenyewe."

"Ni moja. Ilikuwa haijaisha."

"Mguu imesimama, daktari! Si unaona mguu imesimama?"

Mageto akamgeukia Mama. "Mama, wewe ni wa kwaya?"

"Ndio. Sauti ya kwanza."

"Mwalimu akishusha mkono, nyinyi wote mnanyamaza mara moja?"

Mama akafikiri kwa uaminifu. "Siku nzuri, ndio. Siku zingine wanaume wa besi wanabaki wakiimba peke yao."

"Basi kichwa yake iko hivyo. Ndani ya ubongo kuna sehemu nyingi, na zimeunganishwa. Kuna yenye inasukuma mguu, kuna yenye inageuza uso, kuna yenye inashughulika na mkono. Kifafa ikishaingia, zinavutana. Wakati wa kuisha, kuna watu zote zinazima pamoja, pap! Kuna wengine moja inazima, jirani yake inaendelea. Saa zingine yenye imezima inasaidia kuzima jirani, saa zingine haisaidii. Mbona huyu awe hivi na yule vile, hata wasomi wakubwa bado wanachunguza. Lakini Janeffer ni wa kuzima pole pole. Mguu ikinyamaza, ni mguu tu imenyamaza."

"Na ng'ombe ya homa ya maziwa?" Baba akauliza. Aliuliza kwa dhati. Naapa.

"Mzee Nicholas, ng'ombe ya homa ya maziwa inakosa chokaa kwa damu. Huyu si ng'ombe. Huyu ukimwinua kabla kila kitu inyamaze, unamwangusha. Mlaze kwa ubavu, usimwekee kitu kwa mdomo, angalia saa. Ikipita dakika tano, mlete mbio. Ikiwa chini ya tano, ngoja. Mpaka kitu ya mwisho itulie, na yeye mwenyewe aamke."

Kisha akachukua daftari, akagawanya kumi na nne kwa mbili, akagawanya kumi na mbili, akagawanya kumi na sita. Akasema hiyo dawa nyingine haitajwi tena kwa sasa, kwamba ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi kuliko ilivyosingiziwa, na akanipunguzia kidogo ili niache kusinzia kwenye majani. Mama akasema haleluya. Mimi nikamtazama Baba nikingoja abishe. Hakubisha, na hilo likanitia wasiwasi.

Jioni nilimkuta kwenye zizi akikamua. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima kutoka kliniki, maneno makali, yenye jino la kununua na kovu ndani yake.

"Miaka kumi na miwili," Baba akasema kabla sijafungua mdomo. Hakugeuka. "Nimekuwa nikikuangusha mimi."

Nikayaacha yale maneno, nikachutama kando ya ndoo. "Hukujua, Baba."

"Sikujua. Lakini Janeffer, mimi sijui kukaa tu nikiangalia. Mtu wangu akiwa chini, mikono inaenda yenyewe. Sijui kama nitaweza."

Miezi mitatu ikapita. Saba, tano, tatu. Mara nyingi nilianguka nikiwa na Mama shambani, naye aliketi kando ya kikapu akaimba sauti ya kwanza hadi mkono wangu ulipomaliza zamu yake. Mara mbili Baba alikuwepo, na mara zote mbili Mama alimfukuza aende akaangalie ng'ombe. Kwa hiyo hatukujua bado kama angeweza. Lakini hesabu ilikuwa imeshuka, ahadi ni deni, na Baba akapeleka habari kwa akina Ogada waje Jumamosi ya pili ya Agosti.

Walikuja kumi na wawili, Syprose mbele na kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa. Baba alivaa suti yake ya harusi, ambayo bado inamtosha akishikilia pumzi. Wazee wetu waliketi upande mmoja wa turubai, wageni upande mwingine. Mimi nilitoka jikoni na birika la maji ya kuwanawisha mikono. Nilikuwa nimemnawisha Syprose na jirani yake tu, tumbo likaanza kupanda. Niliwahi kuweka birika chini. Hilo najipongeza.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mama, na Ogada, na wengine kadhaa ambao sikuwauliza, na kwa mara ya kwanza masimulizi yote yanalingana.

Nilianguka katikati, kati ya wazee wetu na wageni. Baba alinilaza ubavu. Miguu ilipiga nyasi, ikapunguza, ikakoma. Papo hapo Baba mkubwa Kipkirui akasimama, amekasirika kwa aibu.

"Imetulia! Mwinueni, pelekeni ndani, wageni wasione! Vijana!"

Vijana wanne wakaja. Mama anasema Baba naye alikuwa ameinama tayari, mikono miwili imeingia chini ya makwapa yangu, na mdomo umefunguka kwa ile "moja". Mama alishindwa hata kuomba. Kisha Baba akautazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa unachuma.

Akaitoa mikono yake. "Hakuna mtu anamgusa," akasema.

"Nicholas, ni wageni hawa! Miguu imesimama, si unaona?"

"Miguu imemaliza. Mkono bado. Kaa chini, ndugu yangu." Na yeye mwenyewe akaketi pale pale kwenye nyasi, na suti yake, mbele ya watu aliotaka wamheshimu kuliko wote, na kwa kuwa hakuiamini mikono yake, akaikalia.

Wa kwanza kusogea alikuwa Syprose. Alikuja taratibu, akaketi upande wa pili wangu, miguu imenyooka mbele, akautazama mkono ule kama msimamizi anayekagua kazi.

"Majani mawili na chipukizi," akasema. "Tazameni. Hachukui jani gumu hata moja. Mimi nimechuma miaka thelathini, na kuna wasichana wanachuma vibaya wakiwa macho." Kisha akamwambia Baba, "Baba Janeffer, huyu ni wetu. Tutangoja."

Wageni walicheka, na watu wetu wakacheka, na hata Kipkirui akaketi, akaangalia saa yake na kutangaza kila nusu dakika kama mtangazaji wa mpira. Dakika moja na nusu. Mbili. Mama anasema jasho lilimtoka Baba usoni kote, na hakuitoa mikono. Dakika mbili na nusu mkono wangu ulirusha mara ya mwisho nyuma ya bega. Ukalala. Baba hakusogea. Alingoja hadi nipumue vizuri, kisha akangoja tena.

Nilipofungua macho niliona turubai, na kando yake kipande cha anga, na uso wa Baba umelowa.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Moja."

"Wageni wameenda?"

"Wako hapa, nyathina, mtoto wangu," Syprose akasema. "Njaa ndiyo inatuuma."

Nilingoja ile mikono. Nilianza kuanguka nikiwa na miaka kumi na minne, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuamka mbele ya Baba bila mtu kunivuta juu. Haikuja. Kwa hiyo niliegemea kiwiko, nikapiga goti moja, nikapumzika kidogo, nikasimama mwenyewe. Dunia iliyumba mara moja ikatulia. Watu walipiga makofi kama nimefanya jambo kubwa, na mimi niliona ni kubwa, sikatai.

Baba alibaki nyasini. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, suruali imelowa kwa unyevu wa nyasi, na magoti yake si ya kijana. Nikamwinamia nikampa mkono.

"Haya, Baba," nikamwambia. "Pole pole."